Petroli Uani kwa Fundi Nurollah

Zabol, kituo cha mpakani
8 Mehr 1371 (30 Septemba 1992)

Bi Farangis mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, na unifikishie salamu kwa baba yako, Fundi Nurollah, na kwa mama. Mimi mzima, ila upepo wa huku umenijaza mchanga mpaka masikioni. Natumaini barua hii haikuvunjii heshima. Mama yangu aliomba ruhusa kwa mama yako, naye akajibu kwamba wachumba wasipoandikiana sasa watajuana lini.

Kuhusu pikipiki, sijui nimshukuru vipi baba yako. Siku ile ya pete nilikuwa nawahi basi la kunirudisha jeshini, na sikujua nitaiacha wapi, kwa sababu mama anaishi chumba cha ghorofani. Baba yako aliposema, "Iache hapa, ua ni wako," nilishusha pumzi. Unajua ilivyo: ofisi ya mifugo imeniahidi kazi ya kuchanja kondoo wa wahamaji nikimaliza jeshi, mradi niwe na pikipiki ya kupanda milimani ambako gari haifiki. Bila pikipiki hakuna kazi, na bila kazi baba yako hatanioza, na ana haki. Chuma hicho ndicho kilichobeba harusi yetu.

Naomba msimwage petroli, maana tangi tupu hushika kutu. Siku za Ijumaa mtu aiwashe kidogo ikohoe moshi. Je, haiwasumbui?

Wako mtiifu,
Shahmorad

*

Borujerd
20 Mehr

Bwana Shahmorad mheshimiwa,

Barua yako imetufikia na imetufurahisha. Baba na mama wanakusalimu sana. Kuhusu pikipiki, hakuna shida yoyote, ondoa wasiwasi. Ua ni wako, na sisi ni wako. Huenda inadondosha tone moja tu mara mojamoja, si jambo la kukusumbua wewe uliye mbali na katika kazi ngumu.

Jihadhari na upepo.

Kwa heshima,
Farangis binti Nurollah

*

Zabol
4 Aban

Bi Farangis,

Barua yako niliipata wakati wa chai. Kabla sijaifungua, Jabbar, ninayelala naye chumba kimoja, aliinua pua akauliza nani kamwaga petroli. Tukakagua taa, tukakagua jiko. Mwishowe akainusa bahasha yangu na kusema, "Ndugu yangu, wenzio wanaletewa barua zinazonukia maji ya waridi. Wewe mchumba wako anaogea petroli?" Kituo kizima kimecheka, na sajini ameniagiza nikasomee nje.

Nilicheka nao, kisha nikaenda nje kweli, nikaisoma tena. Umeandika tone moja tu. Tone moja halisafiri kutoka Borujerd mpaka Zabol. Nimelelewa huko huko ulikolelewa, najua "hakuna shida" yetu ina uzito gani. Hiyo ni taarof, adabu yetu ya kumwambia mgeni karibu huku tunaomba asiingie.

Nakuomba tuwekeane sharti. Kwa mambo mengine yote tuendelee na adabu zetu, lakini kwenye kabureta ya pikipiki taarof ni marufuku. Kabureta yenyewe haina adabu: ama inavuja ama haivuji. Niambie inavuja kiasi gani, na baba yako anasema nini. Usinisitiri.

Shahmorad

*

Borujerd
16 Aban

Bwana Shahmorad,

Umesema nisikusitiri. Haya, kaa chini.

Haidondoshi, inavuja. Kila asubuhi tunakuta dimbwi chini ya injini. Mama ameweka sinia lake la pilau, na sasa sinia hilo halitapakuliwa pilau tena duniani. Paka amehamia kwa jirani. Koki ya tangi hata ukiifunga haifungi sawasawa. Na kama unavyojua, karakana ya baba imo humo humo uani, na jiko lake la makaa la kulehemea samawari linawaka kutwa. Kila anapovuta mvukuto anaitazama pikipiki yako kama aliyeona nyoka.

Na huo ua, nikwambie ukweli mzima. Baba hakutaka uiache. Alisema "ua ni wako" kama anavyomwambia kila mtu, hata muuza chumvi. Alitegemea ukatae, akubembeleze, ukatae tena, akubembeleze tena, kisha uchukue pikipiki yako uende zako. Wewe ukasema asante ukashuka papo hapo. Mama anasema katika ndoa yao yote hajapata kumwona baba amekosa neno, isipokuwa siku hiyo. Sasa hawezi kukwambia uiondoe, maana neno limeshamtoka.

Lakini juzi uvumilivu ulimwisha. Alisema, "Pikipiki isiyoweza kukaa na petroli yake itampeleka nani mlimani? Siku ya Yalda, mwisho wa Azar, usiku mrefu kuliko wote wa mwaka, wageni wanakuja, na makaa yatawashwa hadi chini ya meza ya kuotea moto. Asubuhi yake nitalijaza tangi kwa mkono wangu. Jioni nikikuta hata tone, Ghasem wa vyuma chakavu ataibeba, na habari ya posa tutaizungumza upya." Mama akaangusha kijiko. Baba akisema "upya" huwa hatanii.

Sikungoja ruhusa yako. Nilifungua skrubu nne za bakuli la chini la kabureta nikakuta gasketi ya kuziba maungio imesagika. Nikakata nyingine kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikajiona fundi. Baada ya siku mbili ilikuwa imenyonya petroli ikavimba kama unga uliotiwa hamira, na sasa inavuja kuliko mwanzo. Ndiyo maana nanuka.

Kwa hiyo niambie la kufanya, upesi, na usinipambie maneno.

Farangis

*

Zabol
30 Aban

Farangis,

Nimesoma habari ya muuza chumvi nikatamani ardhi inimeze. Kweli nilisema asante nikashuka. Nilikuwa nawaza basi tu. Nitamwomba baba yako radhi nikija, lakini kwa barua siwezi, maana nikiomba radhi atalazimika kujibu kwamba ua ni wangu.

Wewe nakuvulia kofia. Msichana ambaye nimemwona mara mbili tu, tena mara zote ameshika trei ya chai, amefungua kabureta yangu bila kuambiwa. Kosa la mpira wa tairi hulifanya kila mtu mara moja. Petroli na mpira ule havikai nyumba moja. Tafuta karatasi ngumu ya gasketi, ilaze juu ya mdomo wa bakuli, kisha gongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka karatasi ijikate yenyewe kufuata umbo.

Lakini nadhani gasketi inasingiziwa. Tazama petroli inatokea wapi. Ikitoka kwenye maungio, ni gasketi. Ikitoka kwenye kile kibomba kilicho chini ya bakuli, basi petroli inapanda mno ndani na kibomba kinaimwaga isiingie kwenye injini. Mle ndani mna boya, kama la tangi la maji. Petroli ikipanda, boya hupanda nayo na kusukuma sindano izibe njia. Kwa hiyo itazame sindano, ncha yake ikiwa na mkunjo kama kola kuukuu, ndiyo mwizi. Iwapo ncha ni safi, geuza kabureta kichwa chini, boya lilalie sindano, upulize kwa mdomo pale inapoingilia petroli. Pumzi isipopita, sindano haina kosa. Hapo atabaki boya mwenyewe, labda ametoboka amekunywa petroli, na boya lililolewa halipandi.

Sasa na mimi nitii sharti letu, nikwambie ukweli. Kama ni boya, limekwisha. Halitengenezeki. Hapa Zabol hakuna, na kutoka Tehran haliwezi kufika kabla ya Yalda. Ikiwa hivyo, usijichoshe. Mwache Ghasem aichukue, nami nitakuja kusimama mbele ya baba yako na mikono mitupu, aniamulie.

Shahmorad

*

Borujerd
14 Azar

Shahmorad,

Barua yako imefika, na imesema kweli yote isipokuwa sehemu moja.

Petroli ilikuwa inatoka kwenye kibomba. Sindano ncha yake safi. Nikageuza kichwa chini nikapuliza mpaka macho yakanitoka, pumzi haikupita. Nikalishika boya nikalitikisa sikioni, nikasikia petroli ikicheza ndani. Boya lako ni vikopo viwili vilivyoungwa pamoja, na kimoja kilikuwa kimelewa, kama ulivyosema.

Lakini eti halitengenezeki? Boya hili ni la shaba, Shahmorad. Hujui umemposa nani. Macho ya baba yamechoka tangu miaka michache iliyopita, na mabomba ya samawari zote zinazotoka hapa nyumbani nayalehemu mimi. Wateja hawaambiwi. Wanamsifu baba kwa mkono wake mwepesi, naye anainamisha kichwa, nami napita na trei ya chai. Chai uliyokunywa siku ya posa, samawari yake ilikuwa kazi yangu.

Nililizamisha boya kwenye bakuli la maji ya moto, na mapovu yakaanza kupanda kutoka kitundu kimoja kwenye mshono, kidogo kuliko tundu la sindano ya kushonea. Nilibadilisha maji mara nyingi, kitundu kikiwa chini, mpaka petroli yote ikatoka, kisha nikaliacha dirishani mpaka likapoteza harufu. Mtu akitia chuma cha moto kwenye boya lenye petroli ndani atabaki bila nyusi. Nikasugua shaba mpaka ikang'aa, nikapasha chuma cha kulehemea, nikaweka tone la risasi iliyoyeyuka. Likaziba. Nilijipongeza, nikafunga kila kitu na gasketi mpya ya karatasi, nikafungua koki.

Ikavuja. Kidogo, lakini ilivuja. Nilikaa chini karibu na lile sinia nikalia, nakwambia wazi.

Baba alikuwa karakanani, ananipa mgongo. Tangu nianze kazi hii hajasema neno, amejifanya haoni. Sasa akasema bila kugeuka, "Umelivisha koti la baridi. Boya likiwa zito, litapanda vipi?" Akaendelea kusugua samawari yake kana kwamba alikuwa anaongea nayo.

Nikalitoa tena. Nililiweka kwenye maji baridi, na kweli, upande niliolehemu ulizama zaidi kidogo kuliko mwenzake. Nikachukua tupa ndogo ya baba nikawa naipunguza risasi, naliweka majini, nalitoa, napunguza tena. Nilifanya hivyo mpaka ikabaki rangi tu ya risasi juu ya mshono, na vikopo viwili vikaelea sawasawa kama mapacha.

Nimetandika gazeti chini ya injini. Limekauka. Limelala kavu, limeamka kavu. Ijumaa nilifunga chadari yangu, shuka langu la kujitanda, kiunoni, nikaipiga pikipiki teke mpaka ikawaka. Ilitoa moshi wa buluu ukafunika ua mzima, na vichwa vya majirani vikajipanga juu ya ukuta. Mama alikuwa anasoma dua. Sikujua chuma kinaweza kuimba hivyo. Nilipozungusha mkono wa mafuta ililia kwa ukali nikahisi kifuani. Nakuonea wivu kwa kila mlima uliokwisha kuupanda nayo.

Yalda bado haijafika, na baba hajasema lolote. Nitakuandikia.

Farangis

*

Zabol
26 Azar

Farangis,

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Jabbar naye niliisomea, maana amefanya kazi gereji kabla ya jeshi na haamini kitu. Nilipofika pale ulipoweka boya majini ili pande mbili zilingane, aliondoa sigara mdomoni. Kisha akasema, "Fundi wangu angelitupa hilo boya, na mimi ningelitupa. Mchumba wako ni fundi kuliko sisi wote. Wewe ulimpataje?"

Nilimpataje? Nimeandika halitengenezeki, kwa uhakika wote wa mwanaume, na wewe ukalitengeneza. Ningeweza kukusifu mpaka karatasi iishe, na kila sifa ingekuwa kweli. Kwa tupa ndogo umefanya jambo ambalo sijaliona likifanywa na mtu yeyote. Ningetoa likizo yangu yote kukuona ukiipiga teke pikipiki ile na chadari kiunoni.

Lakini swali la Jabbar limeninyima raha. Nilikuja kwenu na mama yangu, ukaleta chai, ukaulizwa na shangazi yako, ukainamisha macho ukanyamaza. Wazee wakasema kimya cha binti ni ndiyo. Nikafurahi nikavaa pete. Sasa nimekujua kidogo. Nimejua kwamba uliposema hakuna shida kulikuwa na dimbwi la petroli. Kwamba kwa miaka kadhaa umepita na trei mbele ya watu wanaosifu kazi ya mikono yako, na hukusema kitu. Basi ile siku, kimya chako kilikuwa na nini ndani yake?

Likizo yangu imekubaliwa, ndoa imepangwa mwezi wa Bahman. Unajua itakavyokuwa. Shehe atakuuliza, na wanawake watajibu kwamba bibi harusi ameenda kuchuma maua. Atauliza tena, watasema ameenda kuleta maji ya waridi. Mara ya tatu utasema, kwa idhini ya baba yangu na wakubwa wangu, ndiyo. Hakuna atakayejua unachotaka wewe, na mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo ubavuni pako.

Kwa hiyo nakuuliza sasa, mbali na wakubwa, kwa sharti letu la kabureta. Je, unanitaka? Ukisema hapana, nitavunja posa mimi, lawama zije kwangu, na pikipiki ikae kwako maana ni wewe uliyeiponya. Naogopa jibu lako kuliko nilivyoogopa chochote hapa mpakani. Lakini nalitaka.

Shahmorad

*

Borujerd
6 Dey

Shahmorad,

Nianze na Yalda, maana posa ilikuwa imening'inia hapo.

Asubuhi baba alijaza tangi mpaka mdomoni. Akalitoa sinia la mama, akaliondoa gazeti langu, akatandika leso yake nyeupe ya Ijumaa chini ya injini. Kisha akakaa kwenye kibao chake akaitazama. Hakufanya kazi siku nzima. Wageni walipoanza kuingia alikuwa bado amekaa. Jioni alipiga magoti, akaiokota leso, akaigeuza huku na huku, akainusa. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni akamuuliza anatafuta nini. Baba akamwonyesha leso. "Petroli imekaa ndani kutwa nzima, haijatoka hata tone," akasema. "Kazi ya binti yangu. Na samawari unayokwenda kuinywea chai, hiyo pia ni kazi yake. Za miaka yote hii."

Aliyasema mbele ya mjomba, na mjomba ni mteja, na anamjua kila mtu sokoni. Mama alishika ukuta. Mimi nilikuwa na bakuli la makomamanga mikononi, sikujua niliweke wapi. Tangu siku hiyo watu wanakuja karakanani wananiita fundi, wengine kwa utani, wengine kwa dhati, na mimi naitika wote. Baba ameniagizia kibao changu. Kuhusu posa alisema neno moja tu, kwamba aliyekubali ua mara ya kwanza alipokaribishwa angalau si mnafiki.

Sasa swali lako.

Barua yako ilifika jana, na nimekaa nayo mpaka leo kwa sababu uliniomba ukweli. Kimya changu siku ile hakikuwa ndiyo. Wala hakikuwa hapana. Nilikuwa naona viatu vyako tu, na nilikuwa nawaza kwamba wamekusanyika watu kumi na mbili chumbani na hakuna hata mmoja anayesubiri kusikia sauti yangu. Ungeniuliza siku ile, ningesema sijui. Nilipokuandikia kwamba hakuna shida, bado nilikuwa sijui.

Ukaninusa petroli kwenye karatasi, ukataka ukweli. Nikakupa ukweli wenye aibu yako ndani, hukukasirika. Nikakuonyesha umekosea, ukamsomea rafiki yako. Na sasa una pete, una neno la baba yangu, una tarehe ya ndoa, ungeweza kukaa kimya kama wenzio na kunichukua. Umeuliza hata hivyo, huku unaogopa. Mwanaume wa namna hiyo sikujua kama yupo, na nimefurahi mno kwamba yupo na ananiandikia mimi.

Mwezi wa Bahman shehe ataniuliza, na nitanyamaza mara mbili ili shangazi zangu waifurahie siku yao. Usitetemeke ukikisikia kimya hicho. Jibu langu halitokuwa la baba wala la wakubwa, na wewe utakuwa umeshalipata kabla ya wote, tangu leo.

Ndiyo.

Farangis